Kila Sharti na Mstari Wake

Kati ya mambo yote ninayofundisha, hakuna linalonipendeza kama funksheni moja inayokubali safu za kila namna. Unaiandika mara moja tu. Ukiipa safu ya namba, inakurudishia iliyo kubwa kuliko zote. Ukiipa safu ya uzito wa magunia, inafanya vivyo hivyo. Ukiipa safu ya majina, inakupa lile la mwisho kwa mpangilio wa alfabeti. Aliyeiandika hakutaja aina ya kitu kinachokaa ndani ya safu. Aliacha nafasi wazi, akaiita T, na kompaila huijaza nafasi hiyo kila funksheni inapoitwa. Hiyo ndiyo templeti.

Lakini nafasi iliyoachwa wazi ina maswali yake. Nani anaruhusiwa kuijaza? Nani anatangaza ruhusa hiyo, na anaitangaza wapi: mlangoni, au ndani kabisa mtu akiwa amekwisha potea? Katika lugha za kompyuta maswali haya hujibiwa kwa sharti la templeti. Nimelifundisha sharti hilo Dzaleka, nikalitumia kazini Lilongwe, na nimefikia msimamo mmoja: sharti lisiloweza kuonyesha mstari unaolihitaji halina haki ya kumzuia mtu.

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, yapata kilomita 45 kaskazini mwa Lilongwe. Unatoka mjini kwa barabara kuu ya M1, unapita Kanengo na Lumbadzi, kisha kwenye njia panda ya Dowa unaiacha barabara kuu na kukata kulia. Palikuwa gereza kabla ya kuwa kambi. Mwaka 1994 pakafunguliwa kwa wakimbizi, kwa makadirio ya watu 10,000 hadi 12,000. Leo wanaishi humo zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, wengine wametoka Burundi, Rwanda, Ethiopia na Somalia. Sokoni Kiswahili ndicho kinachouza na kununua, Chichewa kikiingia hapa na pale. Mimi ni mtu wa Uvira, na Kiswahili changu cha kando ya ziwa kimechanganyika huko na cha Bukavu, cha Bujumbura na cha waliopitia kambi za Kigoma, hata nikisema neno sijui tena nimelitoa kwa nani.

Watu wa nje hushangaa wakisikia kambini kuna madarasa ya programu. Yapo, tena si ya jana. Mwaka 2010 Wajesuiti walianzisha hapo masomo ya chuo kwa njia ya mtandao. Remy Gakwaya, mkimbizi kutoka Burundi, alianzisha TakenoLAB, na vijana wengi wa kambi walijifunzia hapo kutengeneza programu. Madarasa madogo kama langu yaliota pembeni mwa juhudi hizo: chumba cha matofali, mabenchi, laptopu zilizokwisha tumikia watu wengine, na umeme unaokuja na kuondoka upendavyo wenyewe. Nilichagua lugha ya C++ kwa sababu nyepesi kabisa. Kompaila yake ikishawekwa kwenye mashine haikuombi bando.

Kazi iliyotukutanisha na templeti ilitoka kwa akina mama. Malawi vikundi vya kuweka na kukopa huitwa banki mkhonde, na kambini pia vipo. Kikundi kimoja cha zoni ya Likuni kilikuwa na programu ya kutunzia hisa na mikopo, iliyoandikwa na kijana aliyekuwa amekwisha kwenda zake Kanada. Programu ilifanya kazi, ila ilikuwa imejaa marudio. Kulikuwa na funksheni ya kutafuta namba nzima iliyo kubwa kuliko zote, na nyingine ya namba za desimali, na nyingine ya majina, na nyingine ya tarehe. Miili yao ilikuwa ile ile, herufi kwa herufi, isipokuwa pale ambapo mtu alirekebisha moja na kuzisahau zile nyingine. Ile ya namba nzima ilijua la kufanya safu ikiwa tupu. Ile ya desimali haikujua. Mama mwenye kutunza daftari aliniambia kwa upole, "Mwalimu, kwenye hisa kompyuta ina adabu, kwenye riba haina."

Tulizifuta zote nne na kuandika templeti moja. Darasa zima lilifurahi, kwani mistari ilipungua na mwenye kurekebisha alirekebisha mahali pamoja. Furaha ikadumu hadi dada mmoja wa Bujumbura, hodari kuliko wote mezani, alipoipa funksheni mpya safu ya Mwanachama, yaani muundo wenye jina, namba ya simu na idadi ya hisa. Alitaka ajue nani ana hisa nyingi. Skrini ikajaa. Ujumbe ulikimbia juu hata mwanzo wake usionekane, na alipourudisha, mstari wa kwanza ulitaja faili la maktaba sanifu ya C++, ndani ya folda ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuifungua. Aliusoma, akausoma tena, kisha akaniita.

"Mwalimu, mimi sijagusa faili hili."

Alisema kweli. Mwili wa funksheni yetu uliita funksheni ya maktaba, nayo ikaita nyingine, na ya tatu ndiyo iliyojaribu kuweka alama ya "ndogo kuliko" kati ya wanachama wawili. Kompaila haikuwahi kuambiwa Mwanachama mmoja anakuwaje mdogo kuliko mwenzake. Tatizo lilizaliwa kwenye mstari wa dada yule, likalalamikiwa ghorofa tatu chini, katika nyumba ya watu asiowajua. Kila aliyewahi kutumwa kutoka dirisha moja hadi jingine anaifahamu hali hiyo: unafika dirisha la mwisho na kuambiwa karatasi uliyokuwa nayo tangu dirisha la kwanza haitoshi.

Hali hii haikuwa bahati mbaya ya darasa letu. Alexander Stepanov na Meng Lee walipoileta maktaba yao ya templeti katika C++, ikakubaliwa katika sanifu mwaka ule ule wa 1994, wazo lao kubwa lilikuwa kuzitenganisha njia za kazi na vyombo vya data. Kutafuta ni kutafuta, uwe unatafuta kwenye safu au kwenye orodha yenye viungo. Masharti yalikuwepo tangu mwanzo, ila yaliandikwa kwenye nyaraka. Mwandishi aliweza kuipa nafasi iliyo wazi jina refu lenye kueleza ni kitu cha namna gani kinachotakiwa, na kompaila ikalisoma jina hilo kama ingesoma T tupu. Jina lilikuwa ombi. Mwenye kusoma nyaraka alilitii, asiyesoma aligonga ukuta.

Ilichukua muda mrefu ombi kugeuka sheria. Pendekezo la kuingiza masharti ndani ya lugha yenyewe liliondolewa kwenye rasimu ya sanifu Julai 2009, baada ya miaka ya kazi, kwa kuwa wakubwa wa lugha hawakuafikiana. Likarudi likiwa jepesi zaidi, likaingia rasmi katika C++20. Katikati ya hapo watu walitumia hila za kuifanya kompaila iipuuze templeti kimyakimya pale aina isipofaa, hila zenye kufanya kazi na zenye kuumiza macho. Lugha ya D, iliyoanzishwa na Walter Bright, ilikuwa imetatua jambo hili zaidi ya miaka 10 kabla: unaandika "ikiwa" mbele ya mwili wa funksheni, unafuatisha sharti lako, basi.

Sisi tuliandika hivi:

template <typename T>
    requires std::totally_ordered<T>
T kubwa(const std::vector<T>& safu);

Mstari wa katikati ndio mlango. Unasema: yeyote anayekuja kuwa T, vitu vyake viweze kupangwa, kila kimoja kwa kulinganishwa na chochote kingine. Dada yule alirudia jaribio lake, na safari hii kompaila ilitaja mstari wake mwenyewe, katika faili lake mwenyewe, ikasema sharti halikutimia kwa sababu Mwanachama hawezi kupangwa. Akaenda kuuandikia muundo wake namna ya kulinganishwa, kwanza kwa hisa, kisha kwa jina hisa zikilingana. Kazi ikaisha.

Hapo mwanafunzi huona faida ya kwanza ya sharti, nayo ni heshima. Aliyekataliwa anaambiwa mapema, mahali alipo, kwa maneno anayoyaelewa, na anaambiwa akirekebisha nini atapita. Wengi hudhani sharti ni la kuwafungia watu nje. Kwa kweli watu walikuwa wanakataliwa tangu zamani. Sharti limewapunguzia tu safari ya kwenda kukataliwa.

Ila mlango una hatari zake, na darasa langu lilijifunza hatari hizo kwa kubishana zaidi kuliko kwa kunisikiliza. Ya kwanza ni kudai yasiyohitajika. Kijana mmoja, katika funksheni hiyo hiyo, alitaka tuweke sharti kwamba T iwe namba. Hoja yake ilikuwa kwamba kikundi cha akina mama kinashughulika na namba. Nilimwomba anionyeshe, ndani ya mwili wa funksheni, mstari unaojumlisha au kuzidisha. Haukuwepo. Mwili mzima ulikuwa unalinganisha tu. Sharti lake lingewafukuza majina na tarehe, ambao kazi hii wanaiweza vizuri kabisa, kwa sababu tu mwandishi hakuwafikiria siku alipokuwa anaandika.

Mwenye mashine ya kusaga pale sokoni ni mwalimu mzuri wa somo hili. Hakuulizi kama mahindi umeyalima, umeyanunua au umeyapata katika mgao. Hakuulizi kabila wala zoni. Anachota punje, anauma moja, akiona bado ina maji anakurudishia gunia ukaanike, kwani punje mbichi huziba chekeche. Ukibisha anakufunulia chekeche ulione. Sharti lake lina mahali linapotoka, na mahali hapo pako wazi kwa yeyote anayetaka kupaona.

Hatari ya pili ni kudai pungufu. Mmoja wao alileta safu ya vielekezi vyenye mmiliki mmoja, aina ambayo C++ hairuhusu inakiliwe, kwa sababu nakala ingemaanisha wamiliki wawili wa kitu kimoja. Vielekezi hivyo vinaweza kulinganishwa, kwa hiyo vilipita mlangoni bila wasiwasi. Ndani, funksheni ilipotaka kurudisha jibu, ilijaribu kutengeneza nakala, na ule ujumbe mrefu wa zamani ukarudi. Sharti letu lilikuwa limeangalia mstari unaolinganisha na kuusahau mstari unaorudisha. Tukaongeza kwamba T iweze kunakiliwa. Tangu siku hiyo darasa lina desturi: mwili wa funksheni unaandikwa kwanza, tunaupitia kwa kidole mstari kwa mstari, na kila tendo linalotendwa kwa T linaandikwa pembeni. Orodha ya pembeni ndiyo sharti.

Desturi hiyo ilileta ubishi mzuri kuliko wote. Kijana yule yule wa namba, sasa akiwa mkali wa kanuni kuliko mwalimu wake, alisimama na kusema mwili wetu unatumia alama moja tu, ile ya "ndogo kuliko", ilhali sharti la kupangika linadai alama sita: ndogo, kubwa, ndogo au sawa, kubwa au sawa, sawa, na si sawa. "Alama tano hazina mstari, Mwalimu. Tuzitoe?"

Ni swali ambalo wakubwa wa C++ wenyewe wamelijadili, na Bjarne Stroustrup, aliyeiunda lugha hiyo, ana msimamo unaojulikana: usitunge sharti la tendo moja moja, dai maana nzima. Sababu yake ina uzito. Leo mwili unauliza kama a ni ndogo kuliko b; kesho mwandishi anaweza kuuandika upya akauliza kama b ni kubwa kuliko a. Sharti likiwa limefungwa kwenye alama moja, badiliko hilo dogo linawavunjia kazi watumiaji ambao hawakukosea lolote. Tena aina inayojua "ndogo" na haijui "sawa" mara nyingi haina mpangilio wa kweli. Lakini mwanafunzi naye alikuwa na haki yake. Zile alama tano zinamnunulia mwandishi uhuru wa kesho, na gharama analipa mtumiaji wa leo, ambaye aina yake ingeweza kazi na inarudishwa mlangoni. Tulikubaliana hivi: sharti linaweza kuonyesha mstari uliopo, au linaweza kutaja mstari ambao mwandishi anajiwekea nafasi ya kuuandika. La pili ni deni, na mwenye deni anatakiwa aseme.

Hatari ya tatu niliikuta Lilongwe. Mji huo ulifanywa makao makuu ya nchi mwaka 1975, kutoka Zomba, na maeneo yake mengi huitwa kwa namba: Area 2, Area 18, Area 25, Area 47. Mgeni hudhani namba zinafuatana ardhini. Hazifuatani, na aliyepotea hawezi kujikomboa kwa kuhesabu mbele au nyuma. Atauliza dereva wa minibasi kama kila mtu. Duka moja la jumla mjini lilinipa orodha ya wateja wake niisafishe. Ndani yake maeneo yalikuwa yametunzwa kama namba nzima, 18, 25, 47, katika safu nzuri isiyo na dosari. Kwenye ripoti ya zamani iliyoambatanishwa kulikuwa na mstari uliosema wastani wa eneo la wateja, namba yenye desimali mbili.

Niliuangalia mstari huo kwa muda. Funksheni ya wastani iliyoutoa ilikuwa na sharti, tena sharti sahihi: T iweze kujumlishwa na kugawanywa. Namba nzima inaweza yote mawili. Mlango ulifunguka kihalali, hesabu ikafanyika bila kosa, na jibu halikuwa na maana yoyote duniani, kwa kuwa ukijumlisha Area 18 na Area 36 na kugawa kwa mbili hupati kituo cha kati, unapata tu namba 27. Sharti huangalia umbo la kitu. Halijui kinasimamia nini.

Safu ya simu nayo ilikuwa na ugonjwa wa jamii hiyo. Namba za simu za Malawi huanza na sifuri, kama 099 au 088, na anayezitunza kama namba nzima anaikata sifuri bila kujua. Safu ya tatu ilikuwa ya majina ya mitaa, na hapo nilicheka peke yangu. Kambini kuna zoni inaitwa Kawale na nyingine inaitwa Likuni; Lilongwe nako kuna Kawale na kuna Likuni. Duka lilikuwa na wateja pande zote mbili. Funksheni ya kuondoa marudio ilidai kitu kimoja tu, maandishi yaweze kulinganishwa kama ni sawa, na kwa sharti hilo ilizifanya Kawale mbili kuwa moja, na mzigo mmoja ukawa na njia mbili za kwenda.

Dawa ya ugonjwa huu haipo kwenye sharti, ipo kwenye aina. Niliunda aina ya Eneo ambayo ndani yake ina namba, na sikuipa alama ya kujumlisha. Inajua kulinganishwa kama ni sawa, basi. Niliunda aina ya Mtaa yenye jina na mahali ulipo. Baada ya hapo yeyote aliyejaribu kutafuta wastani wa maeneo alikutana na kompaila mlangoni ikimwambia Eneo haliwezi kujumlishwa. Sharti ni lile lile la zamani. Kilichobadilika ni kwamba sasa kitu chenyewe kinasema ukweli kuhusu kinachoweza na kisichoweza. Mlinzi wa mlango hawezi kuwa mwerevu kuliko vitambulisho anavyoletewa.

Yako pia mambo ambayo aina haiyaoni. Safu tupu haina kitu kilicho kikubwa kuliko vyote, na utupu wa safu inayoongezeka na kupungua hujulikana programu ikiwa inakimbia, wakati kompaila imekwisha lala. Pale ukubwa wa safu unapokuwa sehemu ya aina yake, sharti linaweza kudai usiwe sifuri; kwingine kote mwandishi anabaki na wajibu wa kuuliza ndani ya mwili. Namba za desimali nazo zina thamani moja ya ajabu, ile inayoitwa "si namba", ambayo si ndogo kuliko kitu, si kubwa kuliko kitu, wala si sawa na nafsi yake. Aina ya desimali hupita kwenye sharti la kupangika kwa sababu alama zote sita inazo, na ikiwa mizani haikuandika kitu na pengo likajazwa kwa thamani hiyo, mpangilio mzima unavurugika kimya. Ndiyo maana ninawaambia wanafunzi: sharti likitimia, kazi ya kufikiri haijaisha.

Kufika Lilongwe kwenyewe ni habari ya masharti. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwezi Desemba 1987, ikaweka kando vifungu kadhaa, vikiwemo vya ajira na vya uhuru wa kutembea. Kwa sheria, mahali pa mkimbizi ni Dzaleka, na kutoka kunahitaji kibali. Mwaka 2023 serikali iliwaagiza waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini, na wengi waliacha maduka ya miaka mingi. Mtu anayeishi ndani ya utaratibu huo anapofundisha masharti ya templeti hahitaji kutafuta mifano mbali, na wanafunzi hawahitaji kuelezwa. Siku nilipoeleza tofauti ya kuuliza "wewe ni nani" na kuuliza "unaweza nini", darasa lilikaa kimya kwa namna ambayo sikuwa nimeikusudia.

Tofauti hiyo ipo katika lugha za kompyuta waziwazi. Go ilikaa miaka mingi bila templeti za namna hii hadi toleo la 1.18 la Machi 2022, na sharti lake la kupangika ni orodha ya majina: namba nzima za ukubwa mbalimbali, namba za desimali, maandishi, na aina zilizojengwa juu ya hizo. Muundo wako mwenyewe haumo. Ukitaka kubwa kuliko zote katika safu ya miundo yako, unaelekezwa mlango wa pembeni, uende na funksheni yako ya kulinganisha mkononi. C++ na D huuliza uwezo: jina lako nani, hakuna anayejali, ilimradi unalinganishika.

Ningependa kusema njia ya kwanza ni dhuluma na ya pili ni haki, lakini nisingekuwa mkweli. Katika Go mtu hawezi kuifundisha aina yake alama ya "ndogo kuliko". Alama hiyo ni ya wale waliomo kwenye orodha tu. Kwa hiyo orodha inasema kweli, imewataja wote wanaoweza na haikumtaja asiyeweza. Orodha ya majina huanza kudhulumu pale uwezo unapozidi orodha, yaani pale wanapotokea wenye uwezo ambao orodha haikuwajua, na mwenye orodha akaendelea kuisoma kama alivyoiandika siku ya kwanza. Tangazo la kazi linalotaka mtu wa kuandika programu, na ambalo mstari wake wa kwanza unataka kitambulisho cha taifa, huenda lina sababu. Sheria ipo, mwajiri anaiogopa, na serikali nayo ina hesabu zake za ardhi, ajira na usalama. Wapo wanafunzi wangu wanaozielewa hesabu hizo kuliko wanaozitetea. Wanachouliza ni kile nilichowafundisha kuuliza: mstari upi wa kazi hii unatumia kitambulisho hicho?

Mara nyingi mstari upo, ila uko mbali, katika ofisi nyingine, na aliye mlangoni hajawahi kuuona. Anarudia sharti kwa sababu alilikuta. Katika programu pia ndivyo masharti mabaya yanavyozeeka: mwili uliolihitaji sharti uliandikwa upya zamani, tendo likaondoka, sharti likabaki, na kila anayekuja anadhani lina sababu kwa kuwa lipo. Kwa hiyo tunapopitia kazi ya zamani darasani hatuanzi na mwili. Tunaanza na masharti, tunaliondoa moja, tunaiita kompaila, tunaona nini kinavunjika. Kisipovunjika kitu, aliyeliandika anaulizwa anajiwekea nafasi ya mstari gani. Akiutaja, sharti linarudi na maelezo yake juu yake. Asipoutaja, linafutwa siku hiyo hiyo, na safu zilizokuwa zikirudishwa zinaingia.